Baridi ya Tanuri

Kipkoech alikuja Columbus kusomea uhandisi, akaacha mwaka wa pili, akabaki na misamiati tu. Kiangazi cha 2015, akipita nyuma ya maabara moja ya chuo, aliona kabati la chuma lenye mabomba limetupwa. Mlinzi akamwambia ni mashine ya watafiti waliotaka kutengeneza baridi kwa joto linalopotea bure, nao walishahitimu na kuondoka. Kipkoech hakuamini hata neno moja. Ila alijua kwamba mtu anayeteswa na joto angeamini.

Mtu huyo alimpata mtaa wa Okolona, kule mjini Louisville. Mama Nzigire, Mkongomani wa Bukavu, alikuwa na duka la mikate ambalo Julai halikukalika: siagi iliyeyukia mezani, na mwokaji wake wa pekee alikuwa ametishia kuacha kazi. Kipkoech aliingia na tai shingoni, akisukuma kabati. Tumboni mwa kabati alikuwa ameficha mifuko minne ya barafu na feni ya betri. Akaunga bomba kwenye dohani la tanuri, akahubiri dakika ishirini kuhusu joto linalotoroka, kisha akafungua tundu. Upepo wa baridi ukatoka.

Mama Nzigire akaweka mkono, akainama kuchungulia mabomba kwa muda unaomtosha tapeli kutubu. Kipkoech hakuutumia hivyo. Mwishowe mama akasema hana pesa taslimu, ila ana gari la kusambazia mikate. Wakabadilishana kwa maandishi kabla barafu haijayeyuka, na Kipkoech akashika barabara hadi North Buffalo kwa binamu yake. Alifika akivutwa na gari jingine, maana giabox ilikufa njiani.

Wiki tatu baadaye Mama Nzigire alipiga simu. Kipkoech alipokea akiwa na uongo wa aina tatu tayari.

“Fundi,” mama akasema, “mashine iko inatumika muzuri sana.”

Akamweleza kwa utulivu. Mifuko yake ya barafu aliitoa jioni ileile. Bukavu alikuwa amehudumia mitambo ya baridi ya kiwanda cha bia miaka kumi na miwili, na alipoinama tu aliitambua mashine: ilikuwa nzima, imeingia hewa tu. Fundi wa kanisani kwao akamwazima pampu ya kuiondoa hewa hiyo. Sasa tanuri lilioka mikate na kupoza duka kwa moto uleule, na mwenye ghala jirani alitaka mashine kama hiyo kwa bei ya magari kumi.

“Donc, basi, nilikuwa nauliza. Kule uliitosha, kule ilitoka, hakukuwa ingine?”

Kipkoech akatazama dirishani, pale gari lilipoegeshwa bila giabox.

“Ilikuwepo ya pili, mama. Nikaikatakata, nikauza shaba.”



“Ulipata pesa ya kununua nini?” mama akauliza.

“Ya kuku,” akasema Kipkoech. “Na soda.”