Jua la Sebule ya Wageni

Jumamosi, 13 Januari

Leo siku ya kumi na moja tangu mke wangu Ihsan arudi kutoka hospitali na nyonga iliyoungwa. Daktari alinivuta kando kwenye korido. Akasema mgonjwa apate jua la asubuhi, akae kiti kirefu chenye mikono, atembee. Akiachwa kitandani, miguu itasahau kazi. Akifuata haya, ifikapo Ramadhani ataacha gongo la kutembelea. Nimeyaweka moyoni. Mipango mizuri haitangazwi.

Chumba chetu kinatazama ukuta wa jirani. Ukungu umepanda hadi kabatini. Jua lote la nyumba hii linapiga sebule ya wageni, na huko limepigwa marufuku! Mapazia hayafunguliwi, vitambaa visije vikachujuka. Viti sita na kochi vimevikwa nailoni. Miaka thelathini na minne! Vyote vimepakwa dhahabu, miguu imepinda, kazi ya kaka yake Ihsan, shemeji yangu Lutfi. Mji wetu mzima wa Damietta unachonga viti, na nyumbani watu tunakaa kitandani.

Nikamwambia Ihsan sasa tuikalie sisi sebule ile. Akasema ni ya wageni. Nikasema yeye ndiye mwenye nyumba. Akasema ndiyo maana.

Nimekubali kwa upole. Kesho naanza.

Jumapili, 14 Januari

Ihsan alilala baada ya kifungua kinywa. Mkasi! Nailoni yote chini. Mapazia nikayafungua. Vumbi la miaka. Nikamwita fundi magodoro, akachambua pamba ya zamani huko darini, tukashindilia mito minne. Kiti kimoja nikakiinua kwa kupigilia vipande vya mbao chini ya miguu, maana daktari alitaka kirefu. Juu yake blanketi la kahawia lenye simbamarara. Kukitazama, aibu. Kukikalia, raha tupu. Nilikijaribu, usingizi ukanichukua.

Aliyeniamsha ni Lutfi, amekuja kumjulia hali dada yake. Alipoona misumari kwenye dhahabu yake alishika kichwa. Akasema sebule ni uso wa nyumba, na mimi nimeutia ngumi. Nikamjibu uso haukaliwi. Jibu zuri sana. Hakulisikia, alikuwa anang'oa misumari.

Mara Ihsan akatokea na gongo lake la miguu minne. Akasimama mlangoni. Hakutazama kiti, alitazama mapazia. Akageuka, akarudi kitandani, akalia ameelekea ukutani. Nikamuuliza ana nini. Akasema hana kitu.

Nadhani ni lile blanketi.

Jumanne, 16 Januari

Ugunduzi! Bi Karima wa ghorofa ya juu alikuja kumwona mgonjwa. Ihsan, ambaye kwa ajili yangu hanyanyui hata kidole, alivaa gauni, akajifunga kitambaa, akatembea hatua kumi na nne hadi sebuleni. Akakaa wima kwenye jua saa nzima, mito yangu mgongoni. Hakuguna hata mara moja.

Kumbe dawa ni wageni! Sebule ni ya wageni, basi waje wageni. Nimeandika orodha. Ustadh Anwar, niliyefanya naye kazi idara ya umwagiliaji. Mfamasia wa kona. Bi Karima na dada zake wote. Wawili asubuhi, wawili adhuhuri.

Alhamisi, 18 Januari

Hatua kumi na nne, kwenda na kurudi, mara mbili kwa siku! Rangi imemrudia mashavuni. Hasemi sana, lakini anatembea.

Kasoro ni chache. Ustadh Anwar amerudi leo bila kualikwa, akalala kwenye kochi hadi alasiri. Lutfi ameshanusa mpango, akaniuliza tiketi zinauzwa wapi. Nimempuuza. Mtaani, kinyume chake, watu wamekuwa wema ajabu. Muuza mboga amenipa malimau ya bure, akanibana bega, akageuza uso. Mtu mzuri yule. Sikuwahi kumjua hivyo.

Jumamosi, 20 Januari

Siku mbaya. Naandika kwa sababu siwezi kukaa kimya.

Walikuja tisa. Nilikuwa nimevisogeza viti vyote ukutani ili gongo lipate nafasi. Sukari ikaisha kwenye birika la kwanza la chai. Nikapika kahawa, nikaizungusha hivyo hivyo, chungu. Katika mji huu hata mtoto mchanga anajua kahawa chungu inanywewa wapi. Inanywewa matangani. Mimi nilikuwa nawaza sinia.

Mfamasia akaweka kikombe chini, akanishika mikono yote miwili, akasema Mungu anipe subira. Dada mmoja wa Bi Karima akaanza kulia. Na Ihsan amekaa palepale katikati yao, kikombe mkononi!

Hakupandisha sauti. Akamwambia mfamasia, "Subira ya nini, mwanangu? Mimi huyu hapa, bado nakunywa." Wakacheka kidogo, wakatafuta makoti yao.

Walipoondoka ndipo akaniambia. Mara ya mwisho mapazia yale kufunguliwa ilikuwa msiba wa mama yake. Nailoni ilivuliwa vivyo hivyo, kahawa ilikuwa hiyohiyo. Jumapili ile alipoona jua sebuleni, alijua daktari ameniambia neno pale kwenye korido nami namficha. Kila mgeni niliyemleta, yeye alimhesabu kuwa amekuja kuaga. Zile hatua kumi na nne alizitembea ili watu wakamkumbuke akiwa amesimama.

Nilibaki na sinia mkononi. Niliumia sana. Siku saba nzima nimemtia mke wangu hofu ya kufa, nikidhani namstarehesha. Na neno la kumwambia lilikuwa moja tu, tena zuri. Nikasema naenda kuosha vikombe.

Jumapili, 21 Januari

Suti niliyovaa harusi ya binti yetu. Haifungi tumboni. Tai. Kasha la keki za basbusa. Nikatoka nje, nikavuta mlango, nikapiga kengele.

Nikangoja sana. Halafu gongo nikalisikia, taratibu, linakuja mpaka mlangoni. Hatua ishirini na moja! Hajawahi kufika huko. Akafungua, akanitazama kuanzia tai hadi viatu. Nikasema mimi ni mgeni, nimekuja kumjulia hali mgonjwa.

Nilidhani atanifungia. Akasema, "Karibu ndani. Mwenye nyumba hayupo, na hata akiwepo ni mamoja."

Tukakaa juani. Akamwambia mgeni kwamba mume wake ni mtu mwema, ila hana neno lililonyooka. Kwamba hana haja na jua wala dhahabu. Anataka mume wake akae karibu naye, hata kule kwenye ukungu, amwambie ukweli. Akamuuliza mgeni kama yeye, kwa bahati, amesikia daktari alisema nini.

Mgeni akamwambia yote. Jua, kiti, kutembea, Ramadhani bila gongo. Basi, hakuna kingine kilichofichwa. Akaongeza kwamba mume wake hali wala hanywi kwa kumwogopea. Sauti ya mgeni ilitetemeka, nikamwonea huruma.

Ihsan akalia. Kisha akacheka. Kisha akala vipande vitatu vya basbusa, akavuta kiti cha pili, akanyoosha mguu wake mbovu juu ya hariri ya Lutfi, na soksi za sufu!

Jumatatu, 22 Januari

Ushindi mtupu. Tangu asubuhi Ihsan yuko sebuleni na gauni la kulalia, redio pembeni, anamenya njegere kwenye meza ya dhahabu. Na hakuna mgeni hata mmoja! Lutfi alikuja, akaona maganda kwenye kochi, akakaa. Akakaa muda mrefu. Alipoondoka akauliza, kama utani, kama ile pamba imebaki. Nilijifanya sisikii.

Nimekitafakari kisa chote kwa makini, na nimeona siri iko wapi. Ni suti. Ningeivaa tangu siku ya kwanza, tusingefika huku. Kinachoniudhi ni kwamba mgeni yule ameelezwa mambo ambayo mimi sijaelezwa miaka thelathini na minne.

Saa nne Ihsan aliniita. Akasogeza njegere, akanishika mkono. Akasema anataka kulisikia tena lile neno la daktari, ila safari hii kutoka kinywani mwa mume wake.

Nikamwambia avute subira kidogo. Saa kumi mgeni atakuja, atamwambia. Suruali ninayo hapa, naipiga pasi.