Swali Zuri Halingoji Jibu

Jumatatu, tarehe 9 Machi

Nimeshtuka. Bosi katukusanya asubuhi kwenye chumba cha kushonea, akatangaza kwamba Ijumaa wanakuja wanunuzi wawili kutoka nje. Wanazungumza Kiingereza tu. Dada wa mapokezi ameacha kazi, kamfuata mumewe, kwa hiyo atakayewatembeza wageni kiwandani bila kutuaibisha ndiye atakayepewa meza yake. Meza ya mapokezi! Feni yake peke yake! Kiti kinachozunguka!

Mimi kazi yangu ni kuvisha magodoro nailoni. Na mama mkwe nilishamwambia, mwezi uliopita, kwamba meza hiyo ni yangu. Alikuwa ananitazama kwa jicho lile lake, nikaropoka. Jumamosi anakuja kuniona nimekaa.

Nikanyoosha mkono. Nikageuka nione nani mwingine kanyoosha. Shemeji! Kaka wa mke wangu, dereva wa mashine ya kubebea mizigo, analala sebuleni kwangu, na kazi hii nilimtafutia mimi. Kikulacho ki nguoni mwako. Nimemshtaki kwa mke wangu. Kasema yeyote atakayeipata, yeye atashukuru.

Jumanne, tarehe 10 Machi

Shemeji kaleta redio. Anasikiliza taarifa ya habari ya Kiingereza huku anakunywa chai yangu. Anataka kujifunza lugha nzima! Lugha nzima ya nini? Mimi nimefikiri. Mwenyeji kazi yake ni kuuliza. Anayeuliza anapumzika, anayejibu ndiye anayetoka jasho. Polisi je? Daktari je? Nitajifunza maswali tu. Majibu yanajulikana. Mtu ukimwuliza habari, atasema nzuri. Nyumba inaungua, nzuri. Nzuri tu, ila jana tumezika.

Mchana nilikwenda kujaribu benki. Kwenye foleni alikuwepo mgeni mmoja mrefu mwenye mkoba. Nikamwuliza kwa Kiingereza safi: umeamkaje, nyumbani hawajambo, watoto hawajambo, kazi inaendaje, afya nayo? Heshima tupu! Hakujibu hata moja. Alihamishia mkoba bega la pili, kisha akahama foleni. Akaja mlinzi kuniuliza nimefuata nini pale. Sina hata akaunti. Nikatolewa nje. Mimi! Mtu wa mapokezi!

Jioni nimetoa betri kwenye redio ya shemeji.

Jumatano, tarehe 11 Machi

Nimekwenda kwa Mwalimu, jirani yetu wa mlango wa pili, mama aliyefundisha Kiingereza mpaka akastaafu. Nilimpelekea mto wa kiwandani, wenye kasoro kidogo. Akaniambia nimwulize hayo maswali yangu. Nilipomaliza alikuwa ameshika tama. Kasema makosa hayapo, ila nimemfanya ajione kama amekamatwa na mali ya wizi. Kasema wenye lugha yao hawaulizi hivyo. Swali lao halibishi hodi kwa ngumi. Linaanza na samahani, linazunguka nyumba, linachungulia dirishani, linasema lilikuwa linajiuliza tu kama labda, iwapo haitakuwa usumbufu, mtu angependa maji. Maji! Sisi tungeshasema karibu maji, mtu ameshakunywa, na glasi imeshaoshwa.

Nimestaajabu, lakini nimejifunza. Sauti inaanzia juu, inalegea, kichwa kinalala upande kidogo. Kanifundisha maswali manne. Kaniongezea maneno ya kutupia katikati, ili mtu ajue anasikilizwa: kumbe, na safi sana. Na moja la kumjibu mgeni akiomba kitu: bila shaka, jisikie nyumbani.

Kasema kesho tufanye mazoezi ya kusikiliza majibu. Nikamwambia asijisumbue. Akaniuliza nitajuaje wamesema nini. Nikamwambia, Mwalimu, swali zuri halingoji jibu. Aliinuka, akanifungulia mlango. Nadhani lilimgusa.

Nyumbani nimekuta redio inaunguruma. Shemeji katoa betri za rimoti! Sasa televisheni haibadiliki, na sote tumetazama ufugaji wa nyuki jioni nzima.

Alhamisi, tarehe 12 Machi

Ushindi! Nilikuwa ghalani nafanya mazoezi na godoro kubwa, sita kwa sita, lililosimamishwa ukutani. Nikalilazia kichwa upande, nikaliuliza kama labda lingependa maji. Bosi alikuwa nyuma yangu! Nikajua nimefukuzwa. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Kasema hajapata kusikia Kiingereza laini namna ile humu kiwandani, kwamba hata yeye akiuliza swali watu hudhani anagombana. Pale pale akakata shauri: nitawatembeza wageni mimi. Shemeji, ambaye mbele ya bosi alikuwa akikwama kila baada ya maneno mawili, atatufuata nyuma na mashine yake. Nilimtazama kwa huruma. Huruma ndogo.

Bosi kanionya jambo moja. Lile godoro nililokuwa nazungumza nalo ni la binti yake, anaolewa wiki ijayo, limeshonwa mahususi, lisiguswe na mtu. Nikamwambia bila shaka.

Nimempigia simu mama mkwe kumkumbusha Jumamosi. Nimemwambia avae vizuri.

Ijumaa, tarehe 13 Machi

Nywele zimejaa sponji.

Wageni walikuwa mama mmoja mwenye miwani, na mzee mwembamba, msaidizi wake. Nikalaza kichwa. Nikasema nilikuwa najiuliza tu, iwapo haitakuwa usumbufu, safari yao ilikuwaje. Lo! Uso wa yule mzee ulifunguka kama nimemkuta nchi ya ugenini na kumwita kwa jina la utotoni. Ndipo likatokea jambo ambalo sikuliwaza hata ndotoni. Alijibu! Wala si nzuri. Alijibu hadithi nzima, mbio, bila kituo. Hakuna mtu aliyenionya juu ya hili!

Nikatupia kumbe. Nikatupia safi sana. Nikakimbilia swali la pili, la familia. Akajibu na hilo! Macho yakamlowa. Nikamwambia safi sana. Akasimama. Mama wa miwani akasimama. Nyuma yangu mashine ikazimwa, shemeji akashuka, akamwambia mzee neno moja tu: pole. Neno moja! Mzee akamshika mkono asiuachie.

Baadaye shemeji alinieleza. Mizigo yao yote imepotea njiani na mzee amevaa suruali ya kuazima. Mkewe amelazwa hospitali, na hajui atamkuta katika hali gani. Na mimi nikasema safi sana. Nimeona haya, tena haya kweli. Lakini nani aliyemfundisha mtu kuulizwa familia akaeleza mambo ya familia?

Laiti yangeishia hapo. Tulipofika ghalani, mama wa miwani alilipapasa godoro la binti wa bosi, akaniuliza swali refu, lenye samahani, lenye labda, lenye kujiuliza. Swali la daraja la juu! Umbo lake nililitambua mara moja. Maana yake sikuipata. Nikatabasamu. Nikamwambia bila shaka, jisikie nyumbani.

Akafungua mkoba, akatoa mkasi wa fundi, akalipasua godoro toka juu hadi chini.

Yarabi! Kumbe aliomba aone ndani! Kumbe wanunuzi wa magodoro ndiyo kazi yao! Nililikumbatia godoro nilizuie, nikaangukiwa nalo. Bosi alikuja mbio. Hakufoka. Hilo ndilo lililonitisha. Aliniuliza tu, kwa Kiswahili, bila samahani wala labda, nilisikia nini. Nikatema sponji.

Wageni wameagiza shehena nzima. Mama yule kasema kiwanda kinachokubali godoro lake bora likatwe hakina cha kuficha. Kwa hiyo kiwanda nimekiokoa mimi! Meza kapewa shemeji.

Jumamosi, tarehe 14 Machi

Bosi kaamuru nilishone lile godoro kwa mkono. Niko sakafuni mbele ya mapokezi, kwa sababu ndipo penye mwanga. Nilijaribu kulivuta hadi chooni, halikupita mlangoni.

Mama mkwe akaingia. Gauni jipya, viatu vipya, kilemba. Jicho lake likaenda mezani. Mwanawe, juu ya kiti kinachozunguka, chini ya feni! Akapiga vigelegele mpaka cherehani zikasimama. Akamzungusha na kiti mara ya kwanza, akamzungusha mara ya pili. Kisha akageuka, akaniona mimi nimepiga magoti, sindano mdomoni, uzi shingoni. Nikatoa sindano, nikamwambia shikamoo mama. Akaniitikia marahaba. Tukatazamana. Niliomba ardhi ipasuke, inimeze mimi na godoro. Alijua kila kitu, niliona kwenye jicho. Akavuta pumzi, akaniuliza habari za kazi.

Nikamjibu nzuri.

Jumapili, tarehe 15 Machi

Shemeji kanijia nikiwa kitandani. Kasema alikuwa anajiuliza tu kama labda, iwapo haitakuwa usumbufu, ningemrudishia betri zake. Kichwa kakilaza upande! Kaniibia hata hilo! Nimemrudishia.

Akaniambia basi, kwa masikitiko, kwamba mwezi ujao wanakuja wanunuzi wengine, na hao wanazungumza Kifaransa tu, na yeye Kifaransa hajui hata neno, na bosi ameshaanza kushika kichwa.

Niliruka kutoka kitandani. Kifaransa! Nyuma ya soko yuko fundi viatu aliyeishi huko miaka mingi. Kesho namwendea na mto. Simwombi makubwa. Maswali manne, sauti yake, na namna ya kulaza kichwa. Nimempigia mama mkwe kumwambia asikitupe kile kilemba, meza bado ina mambo.

Mke wangu alikuwa anakunja nguo, anasikiliza yote. Akaniuliza, na wakikujibu je?

Nilipigwa na butwaa. Miaka yote hii nimelala na mtu nyumba moja, kumbe hajui kuuliza maswali.