Umeme Wangu wa Paani

Jumatatu, 4 Mei
Transfoma ya mtaa imeungua. Giza. Ng'ambo ya barabara, kinyozi mwenzangu Kichana kawasha jenereta na wateja wangu wote wako kwake. Wasaliti! Jumamosi mdogo wa mke wangu anaolewa, na bwana harusi nimeahidi kumnyoa mimi. Mke wangu kaapa nikimwaibisha mbele ya kwao, nitakiona kilichomtoa kanga manyoya.

Jumanne, 5 Mei
Wazo! Shemeji, kaka wa mke wangu, ni fundi wa mitambo ya upepo kule mlimani. Nimemkaribisha chai, nikamchimba. Kumbe rahisi: upepo unasukuma mapanga, mapanga yanazungusha sumaku kwenye nyaya za shaba, umeme unatoka. Akaanza kueleza habari za upepo kupungua. Sikumsikiliza. Mtu wa mshahara lazima aifanye kazi yake ionekane ngumu.

Alhamisi, 7 Mei
Mtambo uko juu ya paa. Dinamo ya gari bovu, mapanga ya bati. Mke wangu kauliza mlango wa bafu uko wapi. Nikamwambia maendeleo hayaji bure. Jioni upepo ukavuma, mashine ya kunyolea ikanguruma. Nilitokwa na machozi. Kichana alikuwa anachungulia, nilimwona.

Jumamosi, 9 Mei
Bwana harusi kaketi kwa adabu. Nikamnyoa nusu kichwa, upepo ukatulia tuli. Nikamwambia upepo umekwenda kunywa chai, utarudi. Hakucheka. Ndugu zake wakaanza kupiga honi nje.

Ndipo akili ikanijia. Nikavuka barabara, nikajishusha, nikamwomba Kichana waya kutoka kwenye jenereta yake. Nikachomeka feni, nikaipandisha paani, nikaielekeza kwenye mapanga. Yakazunguka! Mashine ikalia kama mbu, ikang'ata nywele, ikagoma humo humo. Bwana harusi naye akalia.

Shemeji, aliyefika na wakwe zangu kumchukua bwana harusi, akauliza, kwa ule upole wake unaokera, kwa nini nisiichomeke mashine yenyewe kwenye waya wa Kichana. Fundi mzima hajui kwamba huo usingekuwa umeme wa upepo! Kichana kakimalizia kichwa mbele ya wakwe zangu wote.

Jumapili, 10 Mei
Mke wangu hanisemeshi. Si neno, nimepata utulivu wa kufikiri, na kosa nimeligundua. Feni moja haitoshi. Kesho namwomba Kichana waya wa pili.