Bakuli la Laoban Chen

Jumatatu, 3 Novemba

Habari njema! Laoban Chen, yaani Bosi Chen kwa Kichina, mwenye kiwanda cha chupa za chai, anatafuta wakala mmoja tu wa Dar es Salaam. Tumebaki wawili: mimi Dismas, na Marijani wa Kariakoo. Katualika wote kesho, chai ya asubuhi. Nimenyoa. Shati nimelipiga pasi. Marijani ataendelea kuuza makava ya simu hapa Dengfeng, Guangzhou, maskini.

Jioni akanifuata mgahawani kwa Dada Bimdogo. Mpole ghafla! Akasema, ndugu yangu, kesho chai ya kwanza usinywe. Aha! Anataka nionekane nina maringo mbele ya tajiri. Nikamshukuru. Mtego huo akategee panya.

Jumanne, 4 Novemba

Meza ya duara, bakuli kubwa katikati. Laoban akamimina chai ya moto kwenye vikombe, akaizungusha, akaitia yote bakulini. Marijani akafanya vilevile. Hii naijua! Kwetu Rombo wazee wakipatana, pombe ya mbege hunywewa kwenye kata moja. Chai ya wote, bakuli moja: mkataba wenyewe huu! Na Marijani kazubaa tu!

Nikasimama. Nikalinyanyua kwa mikono miwili, kwa adabu. Nikagida mpaka tone la mwisho. Kulikuwa na kipande cha karatasi, nikakitafuna.

Kisha mama yake Laoban, bibi mzee sana, akaangua kicheko mpaka akashikilia meza. Laoban akanipigia makofi. Marijani akafunika uso. Wivu!

Jumatano, 5 Novemba

Dada Bimdogo kaniharibia siku. Anasema watu wa Guangzhou husuuza vyombo kwa chai ya kwanza, na bakuli ni la kumwagia masuuzo. Kwa hiyo nimekunywa maji ya kuoshea vyombo. Mbele ya watu!

Nyumbani maji hayo tuliyachanganya na makombo, tukawapelekea nguruwe. Mama alisema nguruwe hawanywi, wanagida. Nami nikibugia uji, alisema nagida. Nililichukia neno hilo utoto wangu wote. Jana nimelitimiza lote, maji yenyewe na namna ya kuyanywa.

Mchana simu ikaja: uwakala kapewa Marijani. Nikaapa kulala bila kula. Halafu Dada Bimdogo akapakua pilau.

Jumamosi, 8 Novemba

Laoban kapiga simu! Mama yake hajacheka vile tangu afiwe na mumewe. Bibi anataka nikale naye kila Jumapili. Bata, tambi, samaki mzima wa mvuke. Bure! Nina furaha, sifichi. Tena Laoban anatafuta wakala wa Tanga, na kesho mezani ndipo ataamua kama ni mimi.

Marijani kaja tena na upole wake. Eti samaki akiisha upande wa juu, nisimgeuze. Niondoe mfupa, nile nyama ya chini taratibu. Laoban husafirisha mali kwa meli, na kwao kumgeuza samaki ni kupindua meli.

Ha! Nani aliwahi kuona samaki wa mvuke akazamisha kontena? Anataka nionekane sijui kula. Safari hii hanipati. Kesho namgeuza mimi mwenyewe, wote wakiona, kwa mikono miwili.