Kofia Mkono wa Kulia

Jumatatu, 3 Juni
Mwenyekiti wa timu, yule mwenye duka la dawa, kanitamkia mbele ya wachezaji: tukikosa ushindi Jumamosi, nirudishe filimbi ya ukocha. Mimi! Niliyesimama golini miaka kumi na saba, nikavunjwa vidole vitatu na pua! Yeye hajadaka hata mafua.

Jumatano, 5 Juni
Nimepata! Kipa wetu ni binti yangu. Ikija penalti, mimi nitamsoma mpigaji, yeye atazame kofia yangu nyekundu. Kofia mkono wa kulia, aruke kulia. Kushoto, kushoto. Tumejaribu uani, mimi nyuma yake, sote tukielekea upande mmoja, yeye akigeuza shingo kuichungulia kofia, lango ni kamba ya nguo. Kadaka kumi kwa kumi.

Mama yake akasema nimwache mtoto adake kwa akili zake. Nikajibu kwamba kipa hafundishwi kudaka na fundi cherehani. Akauliza basi nani aliyeshona glovu zangu miaka yote, hizo hizo anazovaa binti leo. Nikaenda kujaza mipira upepo. Kimbinu.

Jumamosi, 8 Juni
Tunaongoza bao moja. Refa kanitoa nje! Nilimweleza ukweli tu, kwa sauti. Nikazunguka uzio hadi nyuma ya goli la wapinzani, nikatazamana na binti yangu kwa mbali.

Dakika ya themanini na tisa, penalti. Dhidi yetu! Kiuno cha mpigaji kikaniambia kulia. Kofia juu, mkono wa kulia! Mtoto akaruka huko huko. Kaudaka! Nami nilikuwa nimeshajirusha. Matope hadi masikioni, bega halinyanyuki.

Nyumbani mama yake akanikanda bega. Nikajisifia mbinu. Binti akanieleza taratibu kwamba safari hii tulitazamana, kulia kwangu ni kushoto kwake. Angefuata kofia tulivyokubaliana, tungefungwa. Alijua tu baba atasahau kugeuza.

Nikauliza alijuaje. Akasema amekuwa mwanangu miaka kumi na tisa.

Vumbi likaniingia machoni. Chumbani, madirisha yamefungwa!

Jumapili, 9 Juni
Filimbi nabaki nayo. Mwenyekiti kanipa mkono, nikamwambia hiyo ni sayansi.

Mechi ijayo kofia ile ile, pale pale nyuma ya goli. Refa nitamweleza ukweli dakika ya kwanza, niwahi nafasi nzuri. Kugeuza sijifunzi. Wa kugeuza ninaye.