Nondo Iliyonyooka

Rodgers alipomwona yule mama akikatiza mnadani pale Same, kamba mkononi na beberu mnono nyuma yake, moyo ulimwambia posa imekamilika. Wazee wa Shighatini walikuwa wameagiza aje Jumapili na mbuzi wawili, la sivyo amsahau binti yao Dorkas. Mmoja alikwisha kumpata asubuhi ileile, kwa akili zake, na sasa alikuwa amefungwa kwenye nguzo akisubiri mwenzake.

Mtaji wa Rodgers ulikuwa ubao uliosimamishwa wima, na nondo ya chuma iliyopita nyuma yake kwa mshazari. Kushoto ilionekana ncha moja ikipanda. Kulia zilitokeza mbili, nyekundu juu na bluu chini yake kidogo, na mchezaji alitakiwa kutaja ipi ndiyo nondo ileile. Wote waliapa ni ya bluu. Ubao ukiondolewa, kumbe nyekundu, na ile ya bluu kipande tu kilichochomekwa. Ndivyo Mungu alivyoliumba jicho la binadamu, na Rodgers, Mlutheri mwema, hakuona sababu ya kumkosoa.

Akamwamkia mama shikamoo kwa adabu zote, akamweleza mchezo: mbuzi kwa mbuzi. Mama akasema anaitwa Asteria, na kwamba hajaelewa vizuri, kwa hiyo masharti yarudiwe mbele ya shahidi. Akaitwa Isihaka, muuza kahawa. Hapo Rodgers angeshtuka, maana Mpare akianza kutafuta shahidi, kesi amekwisha kuishinda. Lakini macho yake yalikuwa kwa beberu.

"Na kutazama," mama akauliza, "naruhusiwa kutokea popote?"

"Popote mama, hata juu ya mlima Shengena. Nyuma ya ubao tu ndiyo marufuku."

"Isihaka, umesikia."

Mama akakaza kanga, akachuchumaa kule kushoto, shavu karibu liguse chuma, akafumba jicho moja kama fundi anayekagua mbao kabla ya kuzinunua.

"Nyekundu," mama akasema.

Ubao ukaondolewa, na nyekundu ikawa nyekundu. Rodgers alitaka kudai mchezo urudiwe, lakini Isihaka alikwisha kumfungua mbuzi. Kijana aliumia kweli, kwani yeye alimpenda Dorkas bila ujanja wowote. Akambembeleza mama kwa unyonge, akamwambia habari za Jumapili, za Shighatini, za wazee wasiosikia maneno matupu.

"Nazijua," mama akajibu huku akiunganisha kamba mbili. "Mimi ni shangazi yake Dorkas. Nimetumwa nije nitazame kama umenyooka."

Rodgers akauliza ameonaje.

"Kwa macho mawili unapendeza, mwanangu. Kwa jicho moja, umepinda. Jumapili njoo na wawili, tena wa kununua."

Akaondoka na mbuzi wake, mmoja nyuma ya mwingine. Isihaka akammiminia Rodgers kikombe cha bure, akamwacha anywe, kisha akamuuliza kama ile nondo anaiuza.