Mdiria Aliyekataa Kuruka

Sogeeni, enyi wenye viti na msio navyo, tegeni masikio yote mawili, na anayetafuna atafune polepole, maana inasimuliwa habari ya Fundi Miwani, simba wa lenzi, mfariji wa wenye makengeza, aliyeingia mtoni asubuhi ya Jumamosi akatoka na ushindi mkononi, ukichuruzika maji.

Siku hiyo jeshi la watazama-ndege lilijipanga kingoni mwa mto nyuma ya kiwanda cha rangi: mashujaa tisa, darubini nne, moja ikiwa imefungwa kwa kamba ya kiatu. Mbele alisimama Mama Daftari, muuguzi mstaafu, dada mkubwa wa Fundi, mwenye sheria moja tu duniani: kilichoandikwa daftarini hakifutwi. Na daftari lile lilikuwa na safari. Jumatatu lingepelekwa kwa afisa wa maji, ambaye kila akiletewa malalamiko hupiga miayo na kusema, "Ushahidi uko wapi?" Ushahidi ulikuwa huo: miaka sita bila mdiria hata mmoja, kwa kuwa mdiria hula samaki, na samaki hawaishi ndani ya povu la kiwanda.

Ndipo Fundi Miwani, jicho likiwa kwenye darubini yake ya miguu mitatu, iliyo bora kuliko zote, akanguruma kwa kunong'ona, maana mtazama-ndege hata akinguruma hunong'ona.

"Enyi wenzangu! Ng'ambo, juu ya gogo: mdiria! Buluu kama anga! Nasema mimi, niliyepima macho ya mji mzima!"

"Una hakika?" akauliza Mama Daftari.

"Dada, unaniuliza mimi? Mimi?"

"Wewe, ndiyo. Ukisema yupo, naandika. Nikiandika, yule bwana ataniambia mto ni mzima, nirudi nyumbani nikapumzike."

"Yupo."

Mkono uliochoma sindano nusu ya mji ukaandika: *Mdiria, mmoja.* Mashujaa wakapiga makofi yasiyo na sauti, kama kawaida yao, na Fundi akapokea pongezi huku kifua kimemtoka mbele kama droo iliyokataa kufungwa.

Robo saa ikapita.

"Baba," akasema binti yake, aliyekuwa likizo kutoka shule ya bweni, "mbona hatikisiki?"

"Ana subira. Huko bweni hawawafundishi?"

"Wanatufundisha kwamba ndege ana miguu."

Fundi akainama tena kwenye darubini. Upepo ukavuma, mdiria akavimba, akajaa, akatoa masikio mawili marefu ya kushikia, na ubavuni mwake shujaa akasoma maandishi yaliyochapwa vizuri kabisa: ASANTE KWA KUNUNUA.

Lo! Jasho lilimtoka. Hakuna mwingine aliyeweza kuyasoma. Angetamka neno moja tu, "Ameruka!", na heshima ingebaki, na duka lingebaki. Nani atanunua miwani kwa mtu asiyejua ndege na mfuko? Tayari ulimi ulishaanza kulitamka. Lakini alipogeuka akamwona dada yake akifunika kalamu taratibu, akikunja nakala za barua za malalamiko za miaka sita, mabega yameshuka.

Shujaa akavua viatu.

"Unakwenda wapi?" akauliza Mama Daftari.

"Kumkamata."

Enyi wasikilizaji, ni nani atakayeimba vita ile? Tope lilimpokonya soksi ya kushoto, hiyo ambayo alisahau kuivua. Povu lilimpanda magotini likinuka kama vanishi iliyooza. Mara mbili aliinuka, mara tatu alikaa.

"Kushoto, Baba! Kushoto kwako, si kwangu!"

Akalifikia gogo, akamkaba adui shingoni, akarudi amelowa mpaka kwenye mfuko wa shati, akasimama mbele ya jeshi zima.

"Dada! Mimi, bingwa wa macho, niliona ndege mahali palipokuwa na mfuko. Nimekosa mbele ya watu wanane. Futa!"

"Daftari halifutwi."

"Basi ongeza! Ongeza yote!"

Mama Daftari akafungua kalamu. *Mdiria wa hapo juu ni mfuko wa plastiki. Umetolewa na aliyeuona. Mdiria halisi: hakuna.* Kisha akaukung'uta ule mfuko, akaukunja kama bandeji, akaubana kwenye ukurasa kwa pini mbili, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akacheka mpaka akashika mbavu.

"Yule bwana anataka ushahidi? Huu hapa. Unanuka, tena."

"Baba," akasema binti, akimpa kiatu kimoja, "Jumatatu nikupime macho. Bure."

Hivyo ndivyo mto ulivyopungukiwa na mfuko mmoja. Na tangu siku hiyo watazama-ndege wale hawahesabu tena miaka kama watu wengine: kila jambo kwao lilitokea Kabla ya Mfuko, au Baada ya Mfuko.